Mguu Alioutaja Waziri

Katika nchi ya Nafuu hakuna mgonjwa anayezidiwa. Jambo hilo limeandikwa kwa rangi ya kijani juu ya lango la Hospitali Kuu, na chini yake pameongezwa kwa rangi nyekundu kwamba yeyote anayedhani amezidiwa aonane na mlinzi. Wageni hushangaa kuona makaburi mengi mapya katika nchi ambayo watu wote wanaendelea vizuri, lakini Wizara ya Afya na Furaha imekwisha kuwaeleza: waliomo humo nao wanaendelea vizuri, ila kwa sasa wako chini ya Wizara ya Ardhi.

Sista Hidaya alikuwa muuguzi katika wodi ya wanaume ya hospitali hiyo, na kasoro yake ilikuwa masikio. Yalikuwa yanasikia. Mgonjwa akisema anaumwa, Hidaya alisikia kwamba anaumwa, wakati wenzake walikuwa wamejizoeza zamani kusikia kwamba anashukuru. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kukimbizana na madaktari kwenye korido: baba wa kitanda cha dirishani dawa ile inamtapisha, kijana yule hajaelewa anachotakiwa kutia sahihi, mzee yule anaomba aelezwe kwa lugha anayoijua. Madaktari walimwona akija wakakumbuka shughuli nyingine.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Alifundishwa na Matroni Apolonia. Siku ya kwanza ya mafunzo, Matroni alimlaza Hidaya chali kitandani, akawaita watu wenye makoti meupe wamzunguke, wakasemezana juu ya kichwa chake kwa maneno mazito, kisha wakaondoka. Matroni akamuuliza anajionaje. Hidaya akajibu kwamba anajiona mdogo.

"Basi mgonjwa ndivyo anavyojiona kila siku," Matroni akamwambia. "Amelala, wao wamesimama. Akisema, sauti yake haifiki juu. Kazi yako ni kusimama upande wake, useme wewe mpaka ifike."

Na ilijulikana hospitali nzima kwamba Matroni mwenyewe, enzi za usichana wake, aliwahi kusimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji akiwa ametanua mikono, asimruhusu daktari mlevi kupita, mpaka daktari akachoka akalala palepale sakafuni. Kwa ajili hiyo alinyimwa cheo miaka mingi. Hidaya, ambaye mamaye alifariki yeye akiwa mdogo, alimwita Mama, na hakumwita hivyo kwa adabu tu.

Sasa katika wodi hiyo alikuwamo Mzee Kalembo, fundi cherehani. Kisukari kilikuwa kimemwandama muda mrefu, halafu akakanyaga msumari, na mguu wake wa kulia ukaanza kufa kuanzia vidoleni. Ulikuwa umegeuka mweusi na unanuka, na kila mtu aliyepita pale alijua ni upi bila kuuliza. Daktari Shebughe, mpasuaji, alimwambia itabidi ukatwe chini ya goti. Mzee akalia kidogo, akajifuta, akasema si neno, cherehani yake inakanyagwa kwa mguu mmoja akitaka, na wa kushoto ni mzima kama wa mtoto. Mkewe, Bi Chiku, alikwisha mtengenezea kiti cha kukalia fundi wa mguu mmoja. Hidaya ndiye aliyekuwa akimfunga kidonda kila asubuhi, na katika kufungwa huko wakazoeana, mzee akawa anamwambia mambo ambayo hakumwambia hata mkewe, kwa mfano kwamba anaogopa nusukaputi kuliko kisu.

Hidaya akamwahidi: "Nitakuwepo utakapoingia. Na ikitokea sipo, una wasiwasi wowote, muulize Matroni Apolonia. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Ndipo Waziri alipokuja kutembelea.

Mheshimiwa Mapambio, Waziri wa Afya na Furaha, hakuwa na desturi ya kwenda hospitali, maana alipougua alipanda ndege. Lakini Kiwanda cha Viungo vya Taifa kilikuwa kimetengeneza mguu wake wa kwanza wa bandia, na mguu ulihitaji mtu. Wodi ikapakwa rangi. Wagonjwa waliokuwa na sura mbaya wakahamishiwa stoo, na vitandani mwao wakalazwa makarani wa wizara, wanene na wenye afya, waliofunzwa kutabasamu kwa unyonge. Mzee Kalembo peke yake ndiye aliyebakizwa, kwa sababu ndevu zake nyeupe zilionekana vizuri kwenye televisheni. Mguu mbovu ukafunikwa na shuka tatu na kunyunyiziwa manukato.

Waziri akasimama kando ya kitanda, bendi ya wizara nyuma yake, kamera zikawaka. Akatazama shuka, akaona upande mmoja umefunikwa sana na upande mwingine mguu umejitokeza, akachagua uliojitokeza. Akaupiga kofi la mapenzi.

"Wananchi," akasema, "mguu huu wa kushoto umelitesa taifa vya kutosha. Serikali yenu sikivu imeamua, ndani ya juma hili, kuuondoa pamoja na mizizi yake yote, na badala yake kumpa mzee wetu mguu uliotengenezwa na mikono ya wazalendo. Tangu leo, nchi ya Nafuu inasimama kwa miguu yake yenyewe."

Makarani wagonjwa wakapiga makofi mpaka mmoja akaanguka kitandani. Mzee Kalembo akafungua mdomo, lakini mtangazaji alikwisha kuondoa kipaza sauti. Hidaya akasogea mbele, akasema kwa heshima, "Mheshimiwa, samahani, ni ule mwingine."

Katika nchi ya Nafuu waziri alikuwa hajapata kuambiwa samahani na mtu anayemaanisha kitu kingine. Kiongozi wa bendi, ambaye alikuwa mtu mwepesi, akaashiria, tarumbeta zikalia, na neno la Hidaya likazikwa humo.

Hidaya alidhani jambo ni dogo. Kiongozi amekosea, watu hukosea, wataalamu watarekebisha kimyakimya. Kesho yake magazeti yote yakatoka na picha ya mguu wa kushoto. Watoto wa shule walikuwa wameutungia wimbo. Akaenda kwa Daktari Shebughe, akamkuta anatazama picha za eksirei za miguu yote miwili kama mtu anayetazama ramani ya nchi asiyotaka kwenda.

"Sista," daktari akamwambia, "mimi nina macho mawili na watoto wanne. Macho yananiambia kulia. Watoto wananiambia kushoto."

Hidaya akamwambia kwamba akiukata mguu mzima, mbovu utabaki na utamuua mzee. Daktari akajibu kwamba hilo analifahamu, alilisoma nje ya nchi miaka sita, na akaomba radhi aende msalani.

Basi akaenda kwa Matroni. Alimweleza yote, na katikati ya maelezo machozi yakamtoka. Matroni Apolonia akafunga mlango, akamkumbatia, akamfuta uso kwa leso yake mwenyewe. Akamwambia amefanya vyema, na kwamba bahati nzuri serikali imeunda Baraza la Taifa la Haki za Mgonjwa, litakaa keshokutwa, nalo linasubiri mtu jasiri wa kulipelekea shauri lake la kwanza.

"Nenda ukaseme, mwanangu," akasema. "Usipunguze neno. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Hidaya akatoka pale akitembea kama aliyevuliwa mzigo. Alipita wodini kumwambia Mzee Kalembo asihofu, Matroni yuko pamoja nao. Mzee akashusha pumzi, akamwomba Mungu amzidishie Matroni umri.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa wizara. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, na wajumbe walikuwa msemaji wa wizara, yule mtangazaji wa kipaza sauti, na mkurugenzi wa Kiwanda cha Viungo. Mgonjwa hakuwamo hata mmoja. Walitafutwa, jaji alieleza, lakini kwa kuwa nchini hakuna wagonjwa, hawakupatikana. Matroni Apolonia alikuwa amekuja kweli, na alikaa kweli nyuma ya Hidaya, kiti cha tatu, sare yake imepigwa pasi ikasimama.

Hidaya akasema bila kupunguza neno. Alipomaliza, jaji alimpongeza kwa sauti nzuri, kisha akauliza nani alimpa ruhusa ya kumsikia mgonjwa.

Akajibu kwamba hakupewa ruhusa na mtu, alikuwa anafunga kidonda, mgonjwa akasema.

"Kwa hiyo unakiri kwamba ulisikia," jaji akasema, na karani akaandika.

Mkurugenzi wa Kiwanda akaomba nafasi. Alieleza kwa uchungu kwamba mguu wa bandia uliokwisha tengenezwa ni wa kushoto, kwamba kiwanda kina umbo la kushoto peke yake, na kwamba muuguzi mmoja asiyelitakia mema taifa sasa anataka kulazimisha miguu ya kulia kutoka ng'ambo. Mtangazaji akasema yeye alikuwepo, na mguu wa kushoto ulionekana wazi kuwa unaumwa, hasa ulipopigwa kofi. Msemaji wa wizara akauliza kama Sista anajua anatomia kuliko Waziri.

"Mzee mwenyewe anajua," Hidaya akasema. "Lakini yeye amelala, ninyi mmesimama, hawezi kubishana nanyi. Mimi nipo kwa ajili hiyo. Muuguzi ndiye anayemsemea mgonjwa, hivyo ndivyo nilivyofundishwa."

Jaji akauliza alifundishwa na nani.

Hidaya akageuka nyuma kwa furaha, kama mtoto anayemwonyesha mgeni mzazi wake. Matroni Apolonia akasimama. Akairekebisha saa yake ya kifuani.

"Mimi nilimfundisha kutandika vitanda na kunawa mikono," akasema. "Hayo ya kusemea watu sijui aliyatoa wapi."

Hidaya aliendelea kumtazama. Alidhani sentensi haijaisha, kwamba Matroni anavuta pumzi tu na sehemu ya pili inakuja. Matroni akakaa, akapanga mikunjo ya sketi yake, na akaanza kutazama dari.

Jaji akasoma uamuzi, ambao ulikuwa umekwisha chapwa. Baraza limeguswa sana. Limekubali kwamba mgonjwa, kama angekuwepo, angehitaji mtu wa kumsemea. Lakini kazi nzito namna hiyo haiwezi kuachiwa wauguzi, ambao wako karibu mno na wagonjwa na kwa hiyo hawawezi kuwaona vizuri. Hivyo inaundwa Ofisi ya Mtetezi Mkuu wa Wagonjwa, na wa kwanza kuishika ni Matroni Apolonia. Kuhusu muuguzi Hidaya, kwa kuwa ametetea kabla ofisi ya kutetea haijafunguliwa, anasimamishwa kazi mpaka itakapofunguliwa, na baada ya hapo anafukuzwa.

Nje ya ukumbi lilikuwa limeegeshwa gari jeusi, limeandikwa MTETEZI MKUU mlangoni, na rangi ya maandishi ilikuwa imekauka siku nyingi. Hapo ndipo Hidaya alipoelewa. Baraza lilihitaji shauri ili liwe na sababu ya kukaa, na ofisi ilihitaji mlalamikaji ili iwe na sababu ya kuwepo. Leso ile aliyofutwa nayo machozi ilikuwa sehemu ya maandalizi. Akakaa kwenye ngazi za wizara mpaka mlinzi alipomwambia kwamba ngazi zile ni za kupandia.

Asubuhi ya upasuaji alizuiwa langoni. Akamtuma Bi Chiku aingie amwambie mzee asikubali kwenda kokote mpaka Hidaya apate njia ya kuingia, akatae, apige kelele, ajiangushe chini akibidi. Bi Chiku akafikisha maneno. Lakini Matroni alikuwa amemtangulia, amekaa ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa mzee ndani ya mikono yake miwili. Alikuwa anazungumza naye kwa upole, kwa lugha anayoijua.

Hidaya alimwona Mzee Kalembo tena siku ya tatu, saa ya kutazama wagonjwa, akiwa amejifunika kanga ya Bi Chiku mpaka usoni. Shuka ilikuwa imelala bapa upande wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa na kilima kilekile, na harufu ileile, ila sasa ilikuwa imefika mlangoni.

Mzee alimtambua ndani ya kanga.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

Hidaya akaanza kumweleza habari za Baraza. Mzee akamwacha aseme, kisha akamwambia kwamba Sista mkubwa alikuja. Alimweleza kwamba mbele ya kamera watasema kushoto, lakini ndani daktari atakata kulia, na kwamba Hidaya analijua hilo na amelikubali. Mzee akatia sahihi.

"Lakini Bi Chiku si alikuletea maneno yangu?"

"Aliniletea. Wewe mwenyewe uliniambia nikiwa na wasiwasi nimuulize yeye. Nikamuuliza. Alinishika mkono."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Hidaya angepata nafuu kama ingekuwapo. Akamweleza mzee, akamweleza tena, kwamba yeye naye aliuzwa na mwanamke yuleyule, lakini alipokuwa akieleza aliona jinsi maneno yake yalivyokuwa madogo, na jinsi ambavyo kwa mtu aliyelala pale hapakuwa na tofauti kati ya aliyedanganya na aliyemwelekeza kwa mdanganyifu. Bi Chiku alikuwa anapepea nzi.

Hidaya alipanda hadi ofisi ya Mtetezi Mkuu. Ilikuwa ghorofa ya sita na lifti ilikuwa mbovu, jambo lililosaidia sana kupunguza malalamiko ya wagonjwa. Matroni Apolonia alimpokea bila kusimama. Alikuwa amezeeka kidogo, au labda kiti kilikuwa kikubwa.

"Nilisimama mlangoni mara moja, Hidaya," akasema kabla hajaulizwa. "Unajua nani alinishukuru? Hata yule mgonjwa alilalamika kwamba nimemcheleweshea zamu yake. Nimechoka kusimama."

Hidaya akamwambia hakuja kwa ajili hiyo. Amekuja kusema kwamba mguu wa kulia bado upo na unamuua mzee, ukatwe leo. Matroni akatazama dirishani. Akasema mguu huo haukutajwa katika hotuba. Mguu ambao haukutajwa hauwezi kuwa unaumwa, na kuukata ingekuwa kukiri kwamba kuna kitu kilibaki. Halafu akaongeza kwa sauti ya zamani, ile ya darasani, kwamba Hidaya anywe chai kwanza, amekonda.

Hidaya akashuka ghorofa zote sita bila kunywa chai.

Mwisho wa juma hilo kulikuwa na Maandamano ya Mguu. Wizara iliamua Mzee Kalembo asukumwe na kitanda chake katikati ya barabara kuu, amepambwa utepe wa kijani, ule mguu wa bandia umewekwa kifuani pake kama mtoto mchanga, ili wananchi waone. Mzee alikuwa na homa, anatetemeka, na tetemeko hilo mtangazaji alilieleza kuwa ni furaha. Kwa kuwa makarani wa wizara walikuwa wanawaogopa nzi, kazi ya kusukuma iliachiwa ndugu wa mgonjwa. Ndugu waliojitokeza walikuwa wanawake wawili waliojifunika kanga.

Maandamano yakafika kwenye jukwaa la Waziri, yakasimama, yakahutubiwa. Bendi ikapiga. Mheshimiwa Mapambio aliusifu mguu, akausifu tena, na alipoinua macho kwenye karatasi, kitanda kilikuwa kinaendelea na safari. Askari walikiona. Lakini kilikuwa na utepe wa taifa, na hakuna askari wa Nafuu anayesimamisha kitu chenye utepe wa taifa. Wakapiga saluti. Saluti zikaendelea kizuizi baada ya kizuizi, mpaka mwisho wa lami, ambapo dereva wa lori la mkaa, shemeji yake Bi Chiku, alikuwa anasubiri na injini inaunguruma. Mguu wa bandia waliuacha pale barabarani, umesimama wima, na inasemekana askari wa zamu aliupigia saluti nao.

Njia ya kwenda mpakani ilikuwa mbaya. Hidaya alikaa nyuma na mzee, juu ya magunia, akimfuta uso kwa maji na kumwekea kichwa chake mapajani lori liliporuka. Alikuwa anangoja aseme kitu. Kumsamehe, au hata kumtukana. Mzee alifumba macho tu, na kila Hidaya alipomgusa alishtuka kidogo.

Ng'ambo ya mpaka palikuwa na hospitali ndogo ya misheni, yenye daktari mmoja mwanamke, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa na kamera wala bendi. Mzee Kalembo alipoingizwa ndani na kulazwa, daktari hakusimama juu yake. Alivuta stuli, akaketi, uso wake ukawa sawa na uso wa mgonjwa, akamsabahi kwa jina.

"Mzee wangu, wapi panauma?"

Kwa mazoea ya miaka yote, Hidaya alivuta pumzi na kusogea mbele ili aseme. Alikuwa na maneno yote tayari: msumari, sukari, siku homa ilipoanza, dawa alizopewa na alizonyimwa.

Mzee Kalembo akainua mkono, akamzuia. Hakumtazama.

"Hapana, Sista," akasema. "Nitasema mwenyewe."

Akaanza kusema, polepole, akikwama na kurudia. Hidaya akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akasimama hapo pamoja na Bi Chiku, akanyamaza.